Fundo Alilofundishwa Anyesi

Wagogo wa rika la Anyesi waling'olewa meno mawili ya chini wakiwa watoto, kwa hiyo ukimwona mzee wa Kongwa anacheka na pengo limekaa pale katikati hushangai, unajua ni desturi. Pengo la Anyesi lilikuwa la meno matatu. Mawili aliyang'oa bibi yake mzaa mama kwa kisu kidogo, shangazi zake wamemshika mikono huku wanamwimbia. La tatu alilitoa mumewe, Yotham, kwa ngumi moja, nyuma ya machinjio, na hapo hakuna aliyeimba.

Mtu akiuliza, Anyesi alijibu kwamba alitafuna mfupa. Aliutafuna mfupa huo tangu alipokuwa mke mpya mpaka akawa bibi wa wajukuu, na watu wakaridhika, maana mke wa mwenye bucha hakosi mifupa.

Sasa huyo Yotham. Ulizia Kongwa yote, utaambiwa ni mtu wa watu. Akimpimia mjane nusu kilo, anamtupia na kipande cha ini juu yake. Kanisani ni mzee wa kanisa, na kwenye kwaya sauti yake nzito ndiyo iliyowabeba wenzake. Mlevi akileta fujo buchani, Yotham anamshika bega, anamwongelesha taratibu mpaka anakwenda zake. Mkono huo huo uliomshika mlevi bega kwa upole ndio Anyesi aliokuwa akiusikiliza kila jioni unavyofungua komeo la mlango, ili ajue leo ni siku ya namna gani.

Kazi ya kuchinja kwenyewe haikuwa ya Yotham. Ng'ombe wa kuuzwa buchani huchinjwa na Mwislamu ili nyama iliwe na wote bila maneno, basi kisu cha shingo kilikuwa cha Mbaruku, mtu wa mjini ambaye babu zake walifika na misafara ya zamani. Yotham alikuwa mtu wa kuangusha. Alimshika dume pembe kwa mkono mmoja na taya kwa mkono mwingine, akaipinda shingo mpaka pua inatazama juu, akaegemeza bega lake, na mnyama wa kilo mia tatu akaenda chini kama mlango uliong'oka bawaba. "Mbaruku, njoo," alikuwa akisema, "nimemshika." Mbaruku anataja jina la Mungu, kisu kinapita, damu inaruka hadi kwenye magoti yao, na baada ya hapo kuchuna na kupasua ni kazi ya Yotham. Matumbo, kuyatoa na kuyasafisha, yalikuwa ya Anyesi.

Alikuwa na miezi michache tu tangu aolewe siku aliyoipasua nyongo. Dume lile lilikuwa la harusi, limeagizwa na mtu mkubwa, na Anyesi aliharakisha. Alilivuta ini kwa mkono wa kushoto, kisu kikateleza, na kifuko kikapasuka mkononi. Ile nyongo ya kijani ilimwagika juu ya ini, juu ya mbavu, ikashuka mpaka kwenye paja. Kila mtu aliyewahi kula nyama iliyoguswa na nyongo anajua kwamba hapo huna nyama tena, una uchungu mtupu.

Yotham hakupiga kelele. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, halafu akamkuta mkewe palepale alipochuchumaa. Ngumi ya kwanza ndiyo iliyochukua jino. Kisha aliokota kamba ya ngozi mbichi iliyokuwa bado na mafuta, akamchapa nayo mgongoni na mbavuni, kwa kipimo, bila haraka, kama mtu anayepura uwele, mpaka Anyesi akawa amelala kwenye maji ya damu ya ng'ombe na hajui ipi ni yake. Mbaruku alikuwa pembeni anaosha kisu. "Taratibu, Yotham," alisema, "huyo ni mkeo." Akaendelea kuosha kisu.

Halafu Yotham alimwinua. Alimwinua kwa taya, vilevile alivyolishika dume, akamwekea mikononi ini la ng'ombe wa pili likiwa na nyongo yake, akampa uzi.

"Shika shingo ya mfuko," alisema. "Zungusha mara mbili. Pitisha chini. Kaza. Kaza, nimesema. Nyongo hufungwa kwanza, halafu ndiyo unakata. Umesikia?"

Anyesi alisikia. Alifunga huku damu ya mdomo inadondoka juu ya ini, na Yotham akalivuta fundo kujaribu, likakataa kufunguka, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Tangu siku hiyo, katika maelfu ya ng'ombe, nyongo haikumwagika tena mikononi mwake. Alipigwa kwa mambo mengine, ya chumvi, ya kuchelewa, ya kucheka na mteja, na alipigwa pale nguo inapofunika, kwa sababu Yotham alikuwa mtu mwenye busara zake.

Walizaa. Ernest, wa kwanza, aliona mambo mengi na akajifunza kutoka nje yanapoanza. Gladness, kitinda mimba, hakuona kitu. Yeye alikuja wakati baba ana jina na bucha ina friji, akapelekwa shule za bweni, akapata kazi ya ofisi mjini Dodoma na nyumba ya kupanga Area D. Sebuleni kwake alitundika picha ya baba akiwa na suti ya kanisani. "Baba yangu hajawahi kunipiga hata kofi," alipenda kuwaambia wenzake, na ilikuwa kweli tupu.

Mara moja tu Anyesi alijaribu kumwambia. Walikuwa wanachambua mlenda, wawili peke yao. Hakufika hata kwenye jino. Gladness alimkata kauli: "Mama, wazee wa zamani wote walikuwa wakali. Tafadhali usimchafue baba." Maneno hayo yalimkata maini kuliko kamba ya ngozi. Alimaliza kuchambua mlenda wake. Lakini kuanzia hapo alijua anachokitaka duniani, na kilikuwa kimoja: kabla mmoja wao hajazikwa, yeye au Yotham, binti yake ajue. Hakutaka kisasi. Alitaka tu mtu amwamini.

Basi mwaka huu macho ya Yotham yakageuka rangi ya manjano. Yalianza macho, ikafuata ngozi, akajikuna usiku na mchana mpaka shuka likawa na damu. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Alikunywa mizizi ya mtu wa Mlali, akanywa na ya mtu mwingine, na siku moja akaanguka katikati ya bucha, ameshika chini ya mbavu za kulia, anaunguruma. Ernest alimpakia kwenye gari, na Anyesi akapanda nyuma na kapu lake.

Huko hospitalini Dodoma daktari aliyewapokea aliitwa Harithi, kijana wa watu, mpole.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee," alisema, akavuta kiti akakaa, wasiangaliane kwa kuinua shingo. "Mzee ana mawe. Yametoka kwenye mfuko wa nyongo yakaziba mrija wake, ndiyo maana amekuwa wa njano. Tutamfungua tuyatoe. Tukimaliza tutaacha mpira mdogo mle ndani ya mrija, utokee hapa ubavuni, nyongo ipite ije kwenye mfuko wa plastiki nje, mpaka ndani papone."

"Na baada ya hapo amepona?" Gladness aliuliza. Alikuwa amekuja mbio kutoka ofisini, kitambulisho bado shingoni.

"Kwa mtu wa umri wake, dada, kazi kubwa ni baada ya upasuaji. Mzee ana miaka sabini na kitu. Wengine mapafu yanashika homa. Wengine wanapata vijidudu kwenye damu. Wengine wakiamka akili inavurugika, anaweza asiwajue, anaweza hata kupigana. Hilo hupita. Lakini kubwa kuliko yote ni nyongo isimwagike tumboni. Ikimwagika inaunguza kila inapogusa, na mzee hatahimili."

Anyesi aliitikia kwa kichwa. Katika maneno yote yale, hilo la mwisho ndilo pekee alilodhani amelielewa kuliko wote waliokuwa chumbani. Nyongo isimwagike. Nani wa kumfundisha yeye hilo?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Yotham aliamka, akanywa uji wa uwele vijiko kadhaa, akamtania Gladness kwamba amenenepa mjini. Mpira ulitoka ubavuni, mfuko ukajaa kile kimiminika cha kijani kilichoiva, na Anyesi ndiye aliyekuwa akiumwaga kila ulipojaa, kama walivyomwonyesha. Harufu ilikuwa ileile.

Kisha akili ya Yotham ikaruka.

Ilianza asubuhi, wakati wa kubadilisha shuka. Alimtazama nesi, mwanaume mmoja aliyeitwa Gaudence, akamuuliza kwa nini ameacha zizi wazi. Gaudence alitabasamu, akainama kumgeuza. Ngumi iliyomkuta mdomoni ilimrusha hadi kwenye kitanda cha jirani. Yotham aliung'oa mpira wa dripu mkononi, damu ikaruka ukutani, akakaa, akasimama. Mzee ambaye jana alishindwa kushika kijiko alisimama na mshono wake tumboni, akaikamata nguzo ya dripu akaizungusha, chupa ikapasuka, mgonjwa wa kitanda cha tatu akajifunika kichwa kwa mto akimwita mama yake marehemu.

"Baba!" Gladness alilia. "Baba, ni mimi!"

Hakumwona. Alimwona Anyesi. Alimjia moja kwa moja, na Anyesi, ambaye alikuwa na mlango nyuma yake na miguu bado yenye nguvu, alisimama pale alipo, kwa sababu kukimbia kulikuwa kumezidisha mambo siku zote. Mkono mmoja ulishika nywele zilizo chini ya kilemba, mwingine ukashika taya. Shingo ikapindwa mpaka pua ikatazama dari. Bega likamwegemea. Alikwenda chini kwenye vipande vya chupa, na goti la mumewe likamkaa kifuani.

"Mbaruku!" Yotham aliita, sauti ile ya kwaya ikajaa wodi nzima. "Mbaruku, njoo. Nimemshika."

Aliita mara ya pili, na kwa sababu Mbaruku hakuja, alimpiga Anyesi mdomoni ili atulie. Gaudence, mdomo unavuja damu, na wenzake wawili ndio waliomvuta. Walimfunga mikono kwenye vyuma vya kitanda kwa bandeji laini, wakamchoma sindano, na alikuwa bado anawatukana matusi ambayo wodi ile haijawahi kuyasikia kwa mzee wa kanisa.

Gaudence alimwinua Anyesi, akamfuta damu. "Pole, bibi. Usimchukie. Siyo yeye huyo, ni akili imevurugika tu, hata kesho hatakumbuka."

"Huyu siyo baba," Gladness alisema, analia kwa kwikwi. "Mama, huyu siyo baba kabisa."

Anyesi alipitisha ulimi kwenye meno yake kuyahesabu. Yalikuwepo yote yaliyobaki. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, siyo kwa kipigo, kipigo alikizoea. Alikasirika kwa sababu hatimaye, baada ya umri wote ule, Yotham alikuwa amempiga mbele ya macho ya mwanawe, na bado walikuwa wanamwambia siyo yeye. Wodi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyemtambua mgonjwa, na huyo hakuulizwa.

Kwa vile mzee alikuwa wa kupigana, walimruhusu ndugu mmoja akae naye muda wote. Gladness alikuwa na kazi. Ernest alikuwa na bucha. Akakaa Anyesi. Unaweza kuuliza kwa nini alikaa, na wengi wa kule Area D waliuliza baadaye. Alikaa kwa sababu mzee akifa vile, angezikwa na jina lake safi, kwaya ikaimba, na yeye angebaki na mfupa wake wa kutafuna.

Alasiri moja, joto la Dodoma limeshika mabati, Gaudence alikuwa upande wa pili wa wodi na mgonjwa aliyezidiwa. Yotham aliuchomoa mkono mmoja kwenye bandeji. Aliupeleka ubavuni, akaukuta mpira, akauvuta. Haukutoka, ulikuwa umeshonwa kwenye ngozi, lakini mfuko ulichomoka kwenye maungio yake ukaanguka, na nyongo ikamwagika. Ilimwagika juu ya tumbo, juu ya bandeji ya mshono, juu ya shuka, ya kijani, ya moto, ikashuka mpaka kwenye paja.

Hapo Anyesi hakufikiri. Ningependa kusema alifikiri, lakini siyo kweli. Mkono wake wa kushoto uliruka wenyewe ukaufunika mdomo wake mwenyewe. Wa kulia ulitafuta uzi. Hakukuwa na uzi, akachana pindo la khanga yake kwa meno, akaushika mpira karibu na ngozi, akazungusha mara mbili, akapitisha chini, akakaza. Nyongo ilikoma kutoka palepale. Akaurudisha mfuko mahali pake, akaufunga tena mkono wa mzee kwa bandeji, akafuta tumbo, akabadilisha shuka kwa haraka ambayo ingemshangaza hata nesi, akaenda kulifua lile lililochafuka, na ni pale kwenye sinki, mikono ndani ya maji, alipogundua kwamba kila mara anageuka kutazama nyuma. Alikuwa anaogopa kupigwa kwa ajili ya nyongo iliyomwagika, na mwenye kupiga amefungwa kitandani.

Hakumwambia mtu. Kumwambia mtu kwamba umemwaga nyongo hakukuwa jambo la kinywa chake.

Kesho yake Yotham aliamka akitetemeka kwa baridi katikati ya joto. Meno yaligongana. Macho yaliyokuwa yameanza kusafika yalirudi manjano. Tumbo lilivimba likawa gumu, na ukiligusa anatoa mlio ambao Anyesi aliwahi kuusikia tu kwa dume lililochinjwa vibaya. Mfuko ulikuwa mtupu, na nesi wa zamu alidhani bibi ametoka kuumwaga, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiumwaga siku zote. Dokta Harithi alipofika kwenye mzunguko wake, aliutazama mfuko, akaufuata mpira kwa kidole chini ya shuka, akasimama.

"Nani amefunga hapa?"

Gladness alikuwa amepita kabla ya kazi. Aliinama akaona kitambaa chekundu chenye doa jeupe, akageuka akaitazama khanga ya mama yake, na pindo lililochanika.

Dokta alijaribu kulifungua fundo, likakataa. Akaomba mkasi. Lilipokatika, uchafu uliorundikana ulitoka kwa nguvu, nyongo na usaha pamoja, ukamwagikia aproni yake, na harufu ikawafanya wagonjwa wageuke ukutani. "Imerudi nyuma, na nyingine itakuwa imepenya tumboni," alisema haraka kwa Gaudence. "Chumba cha upasuaji, sasa hivi." Kitanda kikasukumwa mbio, magurudumu yanapiga kelele, na mama na binti wakabaki ukumbini.

"Umemuua baba," Gladness alisema.

Alimsukuma. Alimshika mabega akamsukuma ukutani, kichwa kikagonga, akamsukuma tena. "Umemfunga ili afe. Siku zote ulikuwa unamchukia, unamtafutia maneno. Umemuua baba yangu." Na mkono wake ukapanda juu. Mtoto wa kike wa Kigogo, msomi, mkono umeinuliwa juu ya mama yake mzazi, mbele za watu.

Haukufika. Kabla haujashuka, Anyesi alikuwa ameshajikunja. Kidevu kilikuwa kifuani, mkono wa kushoto umeufunika mdomo, kiwiko cha kulia kimekinga mbavu, goti limepanda kidogo kulinda tumbo. Alifanya yote hayo kwa mara moja, bila sauti, kwa ustadi, kama mtu anayefanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Akabaki hivyo, anasubiri.

Gladness alibaki na mkono hewani. Hakuwahi kumpiga mama yake. Ernest asingethubutu. Sasa mwanamke huyu alijifunza wapi kujikunja hivi? Aliuteremsha mkono pole pole, akaenda kukaa kwenye benchi mbali naye mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa.

Yotham hakufa. Walimsafisha tumbo, wakamwekea mpira mwingine. Mapafu nayo yakashika homa, na kwa muda mrefu ilikuwa haijulikani kama atabaki au ataondoka. Alipungua mpaka ngozi ya mikono ikaning'inia, ile mikono iliyoangusha madume. Lakini homa ilishuka, na homa iliposhuka akili nayo ilirudi kidogo kidogo, na asubuhi moja aliuliza kwa sauti ya kawaida kama Ernest amelipia ushuru wa machinjio.

Dokta Harithi alisubiri Gladness awepo. Alivuta kiti kama siku ile ya kwanza.

"Mzee anakaribia kwenda nyumbani na mpira wake," alisema. "Kabla hatujamruhusu lazima tuongee kuhusu lile fundo. Simlaumu mtu. Nataka tu kuelewa, lisije likatokea tena."

"Ni mimi," Anyesi alisema. "Nyongo ilimwagika. Nyongo hufungwa."

"Nani alikwambia hivyo, mama?"

Anyesi alimgeukia mumewe. Alielekeza kidevu kitandani.

Yotham alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na pumzi. "Mlilifungua?" aliuliza.

"Lilikataa, mzee. Ilibidi nikate kwa mkasi."

"Eeh." Aliwatazama wote kwa fahari, akiwa amelala vile, mifupa mitupu. "Hilo fundo ni langu. Nilimfundisha mimi. Haliwezi kufunguka hilo."

Gladness alimtazama mama yake, kisha baba yake.

"Mwambie mtoto ulinifundishaje," Anyesi alisema.

"Mama Ernest, hayo ni mambo ya zamani."

"Mwambie."

"Mbele ya daktari?"

"Daktari ana haki, ndiye aliyelikata. Mtoto huyu anasema nilitaka kukuua, Baba Ernest. Alinyanyua mkono anipige. Nimekaa hapa, nimekulisha, nimekupangusa, ukanipinda shingo ukamwitia Mbaruku, na wote wakasema siyo wewe. Sasa akili imekurudia. Mwambie." Akaushika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, akaushusha, pengo lote likaonekana, la meno matatu.

Yotham aliliangalia. Labda alitafuta la kusema kuhusu mfupa. Labda alikuwa amechoka tu. Mtu aliyetoka alikotoka yeye hana nguvu ya kuubeba uongo mzito. Gladness alikuwa amemkazia macho, na safari hii hakuomba mtu anyamaze.

"Kwa ngumi," alisema.

"Na kamba," Anyesi alisema.

"Na kamba."

"Siku hiyo tu?" Gladness aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

Yotham aligeuza uso ukutani. Dokta Harithi alijifanya anasoma kipimo. Lakini Gladness alikuwa tayari amekumbuka ule mkono ulioufunika mdomo na kile kiwiko kwenye mbavu, na machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye kitambulisho cha kazini bila yeye kuyafuta.

Siku ya kuruhusiwa, Yotham alikaa kwenye gari la Ernest amefunikwa blanketi. "Mama Ernest," aliita, "panda twende nyumbani." Anyesi alikuwa anamwonyesha Ernest mfuko, namna ya kuumwaga na namna ya kuosha mikono. "Na usifunge kitu hapa," alimwambia, "hata uone nini." Alipomaliza alirudisha kapu lake begani akaenda upande aliosimama Gladness. Mzee aliita tena, kwa sauti ndogo, na Anyesi aliisikia vizuri sana.

Kule Kongwa watu wakimuuliza Yotham yuko wapi mkewe, anasema amebaki mjini kwa mtoto. Ni kweli. Anakaa Area D. Ukutani sebuleni pana msumari mtupu ambao hakuna aliyeuzungumzia. Jumapili iliyopita jirani mmoja, mama wa kutoka Miyuji mwenye utani mwingi, alikula nao, akamchokoza Anyesi kwamba Wagogo wenzake wana pengo la meno mawili, yeye la tatu kalitoa wapi, au alikuwa mlafi hata wa mapengo.

Anyesi alimeza tonge lake, akafungua mdomo aseme kuhusu mfupa.

"Baba alimpiga," Gladness alisema, bila kuinua kichwa, akiwa anamwongezea mama yake mlenda.

Anyesi alivuta sahani karibu, akaendelea kula.